Session_End haiaminiki: kuhesabu waliomo kwenye tovuti ya ASP.NET

Katika ASP.NET, mfumo wa Microsoft wa kujengea tovuti, kwa Web Forms na MVC 5, faili la Global.asax hukaa kwenye folda kuu ya tovuti na kupokea matukio ya programu nzima na ya kila sesheni, yaani ziara ya mgeni mmoja. Application_Start na Session_Start hazisumbui. Session_End ndiyo inayoharibu hesabu.

Application_Start huitwa mara moja tu kila programu inapoanza, ombi la kwanza linapofika. Hapo andika Application["Waliomo"] = 0. Kwenye Session_Start ongeza moja, kwenye Session_End punguza moja. Kabla ya kugusa namba ita Application.Lock, ukimaliza Application.UnLock, la sivyo maombi mawili yakisoma 41 kwa pamoja, yote yataandika 42 na mgeni mmoja hatahesabiwa.

Kwenye kompyuta yako msimbo huu utakwenda vizuri. Ukiupandisha kwenye seva yenye wageni wengi, hesabu huanza kwenda kombo.

HTTP, itifaki ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, haina ujumbe wa kuaga, kwa hiyo seva haijui kwamba mtu kafunga kivinjari. Inasubiri ukimya wa dakika 20, isipokuwa umebadilisha timeout kwenye web.config, faili la mipangilio ya tovuti. Roboti za injini za utafutaji zisizorudisha vidakuzi ni balaa zaidi: kila ukurasa zinaousoma huzaa sesheni mpya, na kurasa 500 huonekana kama watu 500.

Kubwa kuliko yote, Session_End huitwa katika hali ya InProc, sesheni zikikaa kwenye kumbukumbu ya tovuti yenyewe. Hamia StateServer au SQLServer, zinazohifadhi sesheni nje ya tovuti, na haitaitwa tena, wala hutaona kosa lolote kwenye logi. Hata InProc haina dhamana: kwa mipangilio ya kawaida IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, huanzisha upya mchakato kila dakika 1740, yaani saa 29, na kuhariri web.config peke yake kunatosha kufuta sesheni zote.

Jambo jingine linalowakwamisha wengi: ndani ya Session_End hakuna ombi lolote, hivyo HttpContext.Current, inayobeba taarifa za ombi, ni null (tupu). Ukigusa Request au Response msimbo unakufa kimyakimya, maana hakuna ukurasa wa kuonyesha kosa. Namba ya mtumiaji ihifadhi kwenye Session anapoingia, kisha uisome humo. Njia ya faili itafute kwa HostingEnvironment.MapPath.

Kwa hesabu ya kuaminika, mimi naacha Session_End kabisa. Ongeza safu ya MwishoKuonekana kwenye jedwali la watumiaji. Katika Application_PostAcquireRequestState, hakikisha kwanza Context.Session si null, kisha andika DateTime.UtcNow, ila tu kama dakika moja imepita tangu uandike mara ya mwisho. Bila sharti hilo kila ombi litaigonga kanzidata. Waliomo ni wale walioonekana ndani ya dakika 5 zilizopita. Safu hiyo iwekee indeksi.