Karibi si kwa wasio na adabu: dhana potofu za wasafiri

"Kule ni raha tu, hakuna mambo ya kuchungana." Maneno haya nayasikia kwa karibu kila mteja anayekuja kukata tiketi ya Barbados au Jamaika, na yameshanichosha.

Ukweli ni kwamba watu wa huko wanashika salamu kuliko sisi wa siku hizi. Barbados, Grenada, Saint Lucia, Jamaika, kote ukiingia penye watu unasalimia kwanza: dukani, benki, hata kwa daktari ambako humjui mtu. Panda ZR, zile daladala nyeupe za Barbados zenye mstari wa damu ya mzee. Muziki uko juu, abiria wamebanana, lakini mama anayepanda anawasalimu wote na gari zima linaitikia. Ndipo anatafuta pa kukaa. Sasa mgeni wangu anaingia dukani, ananyoosha kidole: "Haya maji bei gani?" Muuzaji anamtazama, anamsalimia yeye, tena kwa mkazo ili ajirekebishe. Asipoelewa, atahudumiwa kwa uso uliokunjwa, kisha akirudi ananiambia Wabarbados wana maringo. Hawana! Wewe ndiye uliyewapita kama vile si watu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayelalamika amelelewa kwa shikamoo na hodi; asingethubutu kumwendea muuza nyanya wa mtaani kwake namna hiyo. Salimia, subiri ujibiwe, ndipo useme shida yako. Na mtu mzima usimwite kwa jina tupu mpaka akuruhusu mwenyewe.

Eti nguo za kuogelea zinavaliwa popote. Ni za ufukweni tu. Ukivuka barabara kwenda supamaketi, vaa shati, jifunge kanga. Wanaume mnaozunguka mjini kifua wazi, mnasemwa. Na kwa wanawake, kuota jua matiti wazi Barbados ni kosa kisheria.

Eti Jamaika bangi ni ruksa. Sheria ilirekebishwa mwaka 2015: anayekutwa na aunsi 2 au pungufu, yaani kama gramu 56, anatozwa faini badala ya kufikishwa mahakamani kwa jinai. Faini si ruhusa. Kuvuta hadharani kumekatazwa, na kujaribu kutoka nayo nje ya nchi ni kesi nyingine kabisa. Wala usimwendee kila mwenye rasta ukimuuliza mzigo. Marasta, yaani waumini wa dini ya Rastafari, ni wachache sana kati ya Wajamaika, ambao wengi wao ni Wakristo, na kwa Rasta wa kweli mmea huo ni sehemu ya ibada, jambo ambalo sheria hiyo hiyo inalitambua.

La mwisho ni kombati. Barbados, Jamaika, Saint Lucia, Trinidad na Tobago, raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya jeshi, hata kama ni mtoto mdogo. Mtanzania hapaswi kuambiwa hili mara mbili, lakini bado naona watu wanayapakia. Toa kaptula, kofia na begi la mabaka kabla hujafunga sanduku. Forodha wakiviona wanaweza kuvichukua.