Je, wajua kwa nini mashua iliyotangulia kufika huweza kushindwa?

Katika klabu nyingi za matanga za Uingereza, siku ya Jumapili utaziona mashua ndogo za kila umbo zikibisha kwa pamoja, yaani zikienda kwa kupinda-pinda, kuelekea boya lililo upande wa joshi, kule upepo unakotoka, nyingine zikiwa na mabaharia wawili na nyingine mmoja tu. Ya kwanza inapovuka mstari wa mwisho, msimamizi aliyeketi na saa yake huandika kwa penseli namba ya tanga, dakika na sekunde, kisha humngojea anayefuata. Mshindi bado hajajulikana.

Chanzo chake ni kwamba klabu ndogo hupata kwa nadra mashua za kutosha za aina moja, kwa kuwa kila mwanachama huja na aliyoimudu. Mashua ya aina ya Laser ina urefu wa mita 4.23, ilhali ya aina ya Topper ina mita 3.4 na tanga dogo zaidi. Kuzishindanisha kwa kutazama nani katangulia ni kumwonea mwenye Topper. Ndiyo maana hutumika mfumo uitwao Portsmouth Yardstick, ambao huipa kila aina ya mashua namba yake: Laser karibu 1100, Topper karibu 1365. Muda wa mashua huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba hiyo. Laser ikimaliza kwa dakika 55, hesabu huipa dakika 50 kamili. Topper ikifika dakika 11 baadaye, hesabu huipa dakika 48 na sekunde 21, na ushindi ni wake, bila ubishi.

Hata hivyo, namba hiyo ni wastani, na upepo haufuati wastani. Ukivuma kwa nguvu, mashua nyepesi hupanda juu ya maji na kuteleza, zikawaacha wenzao mbali kuliko namba inavyokadiria. Ukifa mwishoni mwa mbio, wanaoumia ni wale wa polepole ambao bado wako majini huku wengine wamekwisha kufika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo thamani ya msimu mzima, kwa kuwa bahati ya Jumapili moja hufidiwa na ya Jumapili nyingine.

Alama za msimu nazo huhesabiwa kinyume na zile za soka: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Asiyefika hupewa alama moja zaidi ya idadi ya walioandikishwa, lakini kila mmoja hufutiwa matokeo yake mabaya kabisa. Tuseme kuna mbio sita, mashua 12, na matokeo mawili ya kufutwa. Aliyeshinda mara tatu na kukosa mara tatu hubaki na 1, 1, 1 na 13, jumla 16. Aliyepata 2, 3, 2, 3, 4 na 2 hubaki na 9, naye hutwaa kikombe ingawa hakushinda hata mbio moja.

Yale maandishi ya penseli hayaishii klabuni. Klabu hupeleka matokeo yao kwa Royal Yachting Association, chama cha taifa cha mchezo huo, nacho huyatumia kurekebisha namba za mashua kila mwaka.