Kabla Hujasema Babu Hayumo: Kusoma Vitabu vya Kale vya Ndoa

Familia nyingi za Tabora na Kigoma hukumbuka vitabu vya ndoa vya parokia likizuka suala la mirathi. Wengi huondoka wakiamini babu hayumo, kumbe yumo, ila ameandikwa kwa tahajia ya padre.

Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki kutoka Ulaya, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879. Majina waliyaandika walivyoyasikia, kwa herufi za kwao. Mfaransa huandika "ou" kwa sauti ya u, na "ch" kwa sh. Mjerumani huandika "sch" kwa sh, na "dsch" kwa j. Ujiji yenyewe ni Oudjidji katika nyaraka za Kifaransa na Udschidschi katika za Kijerumani. Basi Shija anaweza kuwa Chidja ukurasa huu na Schidscha ukurasa ule, na Luhende akawa Rouhende. Yatamke majina kwa sauti. Usikate ndugu, wala usiunge ukoo, kwa sababu ya herufi.

Kilatini, lugha iliyotumika vitabuni humo, nacho kina mitego yake. "Filius Pauli" ni mwana wa Paulo, na "filia Ioannis" ni binti wa Yohana. Miisho hubadilika, mtu ni yuleyule. Mwezi ulioandikwa "7bris" ni Septemba, si Julai, na "8bris" ni Oktoba. Kosa hili hurudisha ndoa nyuma miezi miwili, na nakala za namna hiyo hupelekwa hadi mahakamani.

Jina la ukoo tunalolijaza leo kwenye fomu usilitegemee humo. Kwa Wanyamwezi mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija: watoto wa tumbo moja, majina matatu tofauti. Shija wa kijiji cha jirani huenda hamna undugu naye hata kidogo. Shikilia jina la baba, kijiji, na zaidi ya yote mashahidi. Watu huwaruka mashahidi, nami naona ndio wenye habari nyingi, maana shahidi mara nyingi ni ndugu au jirani, na jina lake litakupeleka kwenye ndoa nyingine ya familia hiyohiyo.

Tarehe pia isiwagombanishe. Walioishi pamoja kimila miaka mingi walibarikiwa ndoa baada ya kubatizwa, wakiwa tayari na watoto wakubwa. Kama kitabu cha ndoa kimeliwa na mchwa, omba cha ubatizo: Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza ndoa iandikwe humo pia, na kwa kawaida utaikuta pembeni mwa jina.

Ukikuta "parentes ignoti", yaani wazazi hawajulikani, usikimbilie kumdhania bibi yako mtoto wa nje ya ndoa. Misheni za mwanzo kandokando ya Ziwa Tanganyika zilikomboa watoto waliotekwa utumwani, na wengi walikuwa wadogo mno kuweza kuwataja wazazi wao. Hapo funga kitabu, ukawaulize wazee.