Jengo la Wapangaji Likiuzwa Ngarenaro, Chunguza Kodi Kabla ya Kuta

Ghorofa dogo lenye apatimenti sita au nane likitangazwa kuuzwa Ngarenaro, Levolosi au Kaloleni, hapa jijini Arusha, dalali huanza na vigae, geti na jinsi Mlima Meru unavyoonekana ukiwa juu. Siku hizi ataongeza na AFCON ya 2027, kana kwamba kila mgeni wa mashindano atalala kwako. Sisi wathamini huanzia kwingine: ndani wanakaa nani, wanalipa kiasi gani, na mara ya mwisho walilipa lini. Vigae hubadilishwa kwa wiki moja, lakini mpangaji mlipaji hapatikani kirahisi hivyo.

Tuchukue mfano. Apatimenti 8, kila moja shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 24, na muuzaji anataka milioni 300. Kwenye karatasi ni asilimia 8 ya bei kwa mwaka, na dalali ataishia hapo. Sasa endelea na hesabu. Apatimenti mbili zikikaa tupu miezi mitatu, milioni 1.5 imeondoka. Kodi ya zuio ya TRA kwenye pango ni asilimia 10 ya milioni 22.5 iliyobaki, yaani 2,250,000. Kodi ya majengo, inayokatwa kupitia LUKU, ni shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Kwa sakafu mbili ni 180,000. Mlinzi wa 150,000 kwa mwezi anachukua 1,800,000. Rangi, mabomba, taa za nje na gari la maji taka, tuseme milioni 3. Kinachobaki ni kama milioni 15, sawa na asilimia 5 hivi ya bei. Huenda bado ni biashara nzuri kwako, hasa kama hukopi benki. Ila ujue umenunua asilimia 5, si 8.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulipita, nalo ndilo huleta ugomvi mkubwa: kodi ya pango iliyokwisha kulipwa mapema. Mjini kwetu wenye nyumba hupenda kuchukua ya miezi sita au mwaka mzima. Jengo likiuzwa, mikataba ya wapangaji haifi. Unaingia wewe mahali pa mwenye nyumba wa zamani, na muda wao uliobaki unauheshimu. Kama mzee alikusanya ya mwaka mzima Januari akakuuzia Machi, utakaa mpaka Desemba na kaya nane zisizodaiwa hata senti, huku choo kikiziba wanakupigia wewe simu. Dai orodha yenye apatimenti, kiwango cha kodi, tarehe ya mkataba kuisha na amana anayoshikilia muuzaji. Aisaini, iambatanishwe kwenye mkataba wa mauziano, na kodi ya miezi iliyo mbele ipunguzwe kwenye bei. Kisha, kwa ruhusa yake, ongea na wapangaji wenyewe. Mara nyingi karatasi na midomo havilingani.

Wapo wanaoiogopa mitaa hii kwa sababu ya mchanganyiko wa watu: Wachaga, Wameru, Wamasai, Warangi, Wasomali, waongoza watalii, makondakta, wauguzi, mama lishe. Kwa macho ya mthamini, mchanganyiko huo ni kinga. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifunga shughuli zake hapa Arusha mwishoni mwa 2015, na wafanyakazi wake wakaondoka. Mwaka 2020 corona ikasimamisha utalii. Mwaka 2021 Serikali ikaelekeza biashara ya tanzanite ihame Arusha, iende Mirerani kwenye migodi yake. Jengo lililotegemea kundi moja tu la wapangaji lingeumia vibaya katika mwaka wake. Kwa hiyo uliza: kati ya kaya nane, ngapi zinakula kutokana na kazi moja?

Kwenye hati nitakwenda haraka, maana hili limeshasemwa sana na wanasheria. Fanya upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati uone jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio la kuuza. Mwenye jina akiwa marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Muuzaji akiwa anakaa sakafu ya chini na familia yake, ridhaa ya mwenza wake ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi tu, hauhamishi umiliki. Na mwandikiane nani analipa nini TRA: kwa kawaida muuzaji asilimia 10 ya faida aliyopata, mnunuzi ushuru wa stempu asilimia 1.

Nje ya jengo, pima umbali kutoka mtoni. Naura na Themi zinapita katikati ya mji, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Omba pia kibali cha ujenzi usome kilitolewa kwa ajili ya nini, kwani nyumba nyingi za familia ziligeuzwa apatimenti kimyakimya, na shimo la choo lililochimbwa kwa ajili ya kaya moja sasa linabeba nane. Kama maji ni ya kisima, yapimwe floraidi. Ardhi yetu ya volkano inayo kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tumia mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, umlipe wewe mnunuzi, si dalali. Muuzaji akimkatalia mthamini kuongea na wapangaji, mwambie mthamini aliandike hilo kwenye ripoti, na bei uliyotaka kutoa uishushe kwanza kabla ya kuendelea na mazungumzo.