Bundi akilia juu ya paa

Huku Kisumu na vijiji vya jirani, wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu wa boma hilo atakufa. Mama yangu hadi leo humrushia kijinga cha moto, na simlaumu: usiku nyanya alipofariki, alimsikia.

Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, nami huuliza: ni siku ngapi bundi alilia na kukapambazuka salama? Hizo husahaulika, ile ya msiba husimuliwa miaka. Tena nyumba yenye mgonjwa hukesha, kwa hivyo sauti ambayo siku nyingine ingewapita usingizini husikika. Bundi mwenyewe huita mwenzake au kulinda eneo lake, na panya wa ghala la mahindi ndio wanaomleta.

Chukua daftari, ulipige mistari upate vyumba vinne: alilia, kukawa na kifo; alilia, hapakuwa; hakulia, kukawa na kifo; hakulia, hapakuwa. Jaza kila asubuhi, mwaka mzima, bila kungoja msiba ndipo ukumbuke. Kisha linganisha: katika kila siku 100 za kilio, vifo vingapi? Na katika 100 za kimya?