Muigizaji wa Uingereza haibuki ghafla tu
Wengi tunaamini yule Muingereza wa makamo kwenye muvi kaibuka juzi, na akishaingia Hollywood basi jukwaa la maigizo kwaheri. Mara nyingi sivyo. Wengi wao wamesoma chuo cha uigizaji kama miaka 3 hivi, wakifundishwa kutumia pumzi, kupigana kwa upanga, kutamka mashairi ya zamani mpaka aliyekaa siti ya mwisho asikie bila maiki, halafu wakazunguka kumbi za mikoani na nafasi ndogondogo, na kule West End, eneo la kumbi kubwa za maigizo London, kawaida ni shoo 8 kwa wiki, kazi nzito kwakweli! Na wapo mastaa wanaorudi jukwaani kila mara. Ukitaka kuhakikisha, panga kazi za muigizaji huyo mwaka kwa mwaka, ila orodha za muvi huwa zinaacha maigizo ya jukwaani, kwa hiyo pekua na kumbukumbu za kumbi zenyewe na magazeti ya zamani.