Ngazi za Porto na asili ya Hogwarts

Wapenzi wa hadithi za Harry Potter hupanga foleni ndefu nje ya Livraria Lello, duka la vitabu mjini Porto, Ureno, wakiamini kuwa ngazi zake nyekundu ndizo zilizompa mwandishi wake, J.K. Rowling, picha ya Hogwarts, shule ya uchawi katika hadithi hizo. Tangu 2015 hata kiingilio hulipwa, ingawa fedha hiyo hupunguzwa kwenye bei ya kitabu ukinunua.

Imani hiyo si ya kweli. Mwaka 2020 Rowling mwenyewe alisema hajawahi kufika dukani humo, wala hakujua kama lipo. Uvumi ulipata pa kushikia kwa sababu aliishi Porto mwanzoni mwa miaka ya 1990, akifundisha Kiingereza huku akiandika kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichotoka 1997. Na ngazi zenyewe, lazima tukiri, zinashawishi: zinapinda, zinagawanyika, na juu yake kuna paa la vioo vya rangi.

Kilichotoka Ureno kwa hakika ni jina. Salazar Slytherin, mmoja wa waasisi wanne wa Hogwarts, aliitwa hivyo kutokana na dikteta António de Oliveira Salazar. Hilo Rowling amelithibitisha. Wasomaji wanaolipenda jengo la Lello, la mwaka 1906, waende tu. Linapendeza bila uchawi wowote.